Kumwajiri mgeni Tanga: vibali viwili na mpangilio wake

Bandarini, kwenye viwanda, kwenye mashamba ya mkonge na katika kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani, wapo wafanyakazi wasio raia. Wengine wametoka ng'ambo, wengine wamevuka Horohoro tu kutokea Lunga Lunga. Wote wanahitaji kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015, pamoja na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Cha kazi hutangulia. Mwenye kimoja tu bado haruhusiwi kushika kazi.

Shughulikia nafasi kwanza, mtu baadaye. Kamishna lazima aridhike kwamba Mtanzania mwenye ujuzi huo alitafutwa akakosekana, kwa hiyo tangaza nafasi, kisha hifadhi tangazo, orodha ya walioomba na sababu za kutowachukua. Andaa pia mpango wa urithishaji: Mtanzania gani ataachiwa kazi, atafundishwa nini, na nani, hadi lini. Usiandike kwamba "kampuni itawajengea uwezo wazawa" ukaishia hapo. Mpango wa namna hiyo haumwonyeshi afisa chochote cha kupima, na wakati wa kuhuisha kibali utaulizwa umefikia wapi.

Halafu chagua daraja. Kibali cha kazi cha Daraja A ni cha wawekezaji na waliojiajiri, B ni taaluma zilizotajwa kisheria, C taaluma nyingine, D mashirika ya dini na ya hisani, E wakimbizi. Uhamiaji nao hutumia herufi, ila kwa maana tofauti: kwao mwajiriwa ni Daraja B, hata kama kibali chake cha kazi ni cha Daraja C. Watu hujichanganya hapa kila mara, na fomu hurudi.

Maombi hufanywa mtandaoni. Changanua pasipoti, mkataba uliosainiwa na pande zote, wasifu, vyeti, maelezo ya kazi, barua ya mwajiri, mpango wa urithishaji, na nyaraka za kampuni: cheti cha usajili, leseni na TIN (namba ya mlipakodi). Vyeti visivyo vya Kiswahili wala Kiingereza vitafsiriwe kwanza. Mhandisi aanzie Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daktari aanzie Baraza la Madaktari. Bila usajili huo kibali kitakwama. Cheo kifanane neno kwa neno katika mkataba, fomu na barua. Ukiandika "fundi mkuu" huku na "meneja wa karakana" kule, utatakiwa kueleza, na wiki zitapita.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kusaini mkataba. Usisubiri amalize mwezi wa majaribio. Muhuri wa kuingilia aliogongewa Horohoro ni wa matembezi. Haumpi ruhusa ya kufanya kazi. Itifaki pia haijafungua kila kazi: Tanzania ilitaja kada, yaani aina za kazi, ilizozifungua, basi hakikisha kada ya mtu wako imo kabla ya kumpa ahadi. Anayetaka kufungua biashara yake mwenyewe aisome amri ya mwaka 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo huduma za pesa kwa simu na kutengeneza simu.

Kibali cha kazi kikitoka, soma jina la mwajiri, cheo na tarehe ya mwisho. Hakihamishiki: akienda kampuni nyingine, hata jirani, maombi huanza upya. Hutolewa kwa miezi 24, kwa hiyo anza kuhuisha miezi mitatu kabla, ukiangalia pia uhai wa pasipoti. Mke au mume aliyeingia kama mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa kwa kibali cha mwenzake.

Jambo moja linawahusu hasa wa Tanga, kwa kuwa Pemba iko karibu. Sheria ya 2015 ni ya Tanzania Bara. Fundi wako akipelekwa Wete au Mkoani kufanya kazi, anahitaji kibali cha kazi cha Zanzibar, hata kama cha Bara bado ni hai.