Kuchagua rimu na spoki za pikipiki ya safari: mwongozo kwa mwendeshaji wa Mombasa

Usikate spoki hata moja ya gurudumu la zamani kabla hujalipima likiwa bado limefungwa kwenye pikipiki. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu mafundi wengi wa hapa Mombasa wamezoea magurudumu ya bodaboda, ambayo vipuri vyake vimejaa kila duka, na kwa hayo hakuna hasara mtu akikata kwanza na kuuliza baadaye. Pikipiki ya safari haitaki haraka hiyo. Rimu yake ya mbele aghalabu ni ya inchi 21, ya nyuma ni ya inchi 18 au 17, habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, haifanani na ya pikipiki nyingine, na kipimo kilichopotea leo kitakugharimu wiki kadhaa za kusubiri kifurushi cha pili.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni cha mkao wa rimu juu ya habu. Katika pikipiki nyingi, hasa nyuma, rimu haikai katikati kabisa ya habu, bali imesogezwa upande mmoja ili mnyororo upate nafasi na tairi la nyuma lifuatane na la mbele. Chukua rula ndefu iliyonyooka, uilaze juu ya uso wa diski ya breki au wa habu, kisha upime umbali kutoka kwenye rula hadi ukingo wa rimu, na uandike kwa milimita. Pima sehemu tatu au nne, kwa kuwa rimu kuukuu huenda imepinda. Gurudumu linaweza kufungwa upya likazunguka sawasawa bila kuyumba hata kidogo, na bado likawa limekaa milimita tano kando ya mahali pake. Fundi atakusifia kazi, nawe utashangaa pikipiki inavuta upande.

Baada ya hapo soma maandishi yaliyogongwa kwenye rimu yenyewe. Ukikuta 21 x 1.85, namba ya kwanza ni kipenyo na ya pili ni upana, zote kwa inchi. Kipenyo hicho hupimwa pale mdomo wa tairi unapokalia, na upana hupimwa ndani, kati ya kuta mbili za rimu. Kwa hiyo anayepima kwa nje kwa utepe wa fundi cherehani atapata namba kubwa kuliko ile ya kweli na kuagiza kitu kisichomfaa. Yamaha Ténéré 700, kwa mfano, hutoka kiwandani na rimu ya 1.85 mbele na ya 4.00 nyuma, ilhali Suzuki DR650 ina ya 2.50 nyuma. Upana huo unafungamana na tairi. Tairi pana likivalishwa rimu nyembamba hubanwa likawa na mgongo wa duara na kulegalega kwenye kona, na tairi jembamba kwenye rimu pana hulala bapa hata kuta zake zikabaki wazi kupigwa na mawe. Kama pikipiki yako ina breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu kujifunga, usibadilishe kipenyo cha gurudumu kiholela, maana mfumo huo hulinganisha mwendo wa magurudumu mawili na hutegemea mzunguko uleule uliowekwa kiwandani.

Sasa hesabu matundu. Mara nyingi yatakuwa 36, na zipo rimu nyingi zenye 32. Ila idadi peke yake haitoshi, na hili nililijua kwa fedha yangu mwenyewe. Niliwahi kununua rimu ya nyuma yenye matundu 36, kipenyo sawa, upana sawa, na muuzaji akanihakikishia kwamba itaingia bila shida. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee karibu na Mwembe Tayari. Hakuipima. Aliinua rimu usawa wa jicho, akachungulia tundu moja baada ya jingine dhidi ya mwanga wa mlangoni, akaingiza spoki ya zamani ndani ya tundu na kuiachia ikae itakavyo. Ilielekea pembeni, mbali na habu. "Tundu hizi zatazama kwengine, mwanangu," akasema. "Rimu hii ni ya habu kubwa ya dramu." Nilikuwa na safari siku ya pili, nikamwomba aifunge hivyo hivyo. Alifunga kwa shingo upande. Spoki tatu zilikatika kabla sijafika Mackinnon Road, zote pale uzi wa skrubu wa spoki unapoingia kwenye nipeli, yaani nati ndogo inayoishikilia kwenye rimu.

Alichokiona mzee yule ni hiki: kila tundu la rimu hutobolewa kwa mwelekeo maalumu, kulia au kushoto, na kwa pembe inayotegemea ukubwa wa habu. Spoki inayotoka kwenye habu kubwa ya breki ya dramu huifikia rimu kwa pembe tofauti na ile inayotoka kwenye habu ndogo ya breki ya diski. Rimu isiyolingana na habu huilazimisha spoki ipinde kidogo inapoingia kwenye nipeli, na kila mzunguko wa gurudumu huikunja na kuikunjua pale pale mpaka ichoke. Kwa hiyo unapoagiza, taja aina ya pikipiki, mwaka wake na kama gurudumu ni la mbele au la nyuma, na usikubali jibu la "matundu ni sawa". Rimu isiyotobolewa pia hupatikana kwa baadhi ya watengenezaji, lakini kutoboa kwa pembe sahihi ni kazi ya karakana yenye mashine yake. Drili ya mkononi haiwezi.

Kuhusu chuma chenyewe, uamuzi wa mtu wa pwani si lazima uwe sawa na wa mtu wa Nairobi au Nakuru. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ni nafuu, na ikipinda kwenye mwamba wa Kinango fundi yeyote ataigonga kwa nyundo na kipande cha mbao ikarudi karibu na hali yake. Ubaya wake ni uzito, na zaidi ya uzito ni kutu. Kromu hupasuka kwanza kwenye matundu ya nipeli, pale maji yanapotuama kwa ndani ambako huoni, na siku unapovua tairi unakuta magamba ya kutu yanayokwaruza tyubu kama msasa. Hewa ya chumvi hapa haihitaji upite ufukweni. Inatosha pikipiki kulala nje Nyali au Likoni miezi michache ya kusi.

Rimu ya aloi ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu ya namna hiyo, ingawa nayo huliwa na chumvi ikatoa unga mweupe mahali ilipokwaruzwa. Humo ndani mna daraja. Aloi za kundi la 7000, kama zile zinazotumiwa na Takasago ya Japani kwa rimu zake za Excel, ni ngumu na hazibonyei kwa urahisi. Aloi laini zaidi, kama 6061, hubonyea mapema lakini pia hukubali kurudishwa kidogo kwa uangalifu. DID, nayo ya Japani, huuza rimu zinazoheshimika vilevile. Wengi hukimbilia ngumu kuliko zote. Mimi kwa pikipiki inayobeba mizigo na wakati mwingine abiria ningeweka aloi ngumu kwenye gurudumu la nyuma bila kusita, lakini mbele ningeridhika na ya wastani, kwa kuwa rimu ya mbele iliyobonyea bado inakufikisha nyumbani, ilhali iliyopasuka haikufikishi. Chagua iliyotiwa rangi kwa umeme, yaani ambayo uso wa alumini yenyewe umegeuzwa kuwa ngozi ngumu, kuliko iliyopuliziwa rangi ya juu tu inayobanduka kama ganda la kitunguu.

Spoki huuzwa kwa geji, na kadiri namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo spoki inavyokuwa nene: geji 10 ni takriban milimita 3.25, geji 9 ni 3.66, na geji 8 ni 4.06. Seti nyingi za kubadilishia za pikipiki za nyikani huwa za geji 9 au 8. Usidhani kwamba kunenepesha ni kuimarisha tu. Matundu ya habu lazima yaipokee spoki hiyo bila kuchimbwa, na habu ya zamani iliyochimbwa hupata nyufa kati ya tundu na tundu. Kabla ya kuagiza, safisha habu kwa brashi na mafuta ya taa, uikague kila tundu kama halijarefuka, na ubadilishe beringi papo hapo kwa kuwa hutapata nafasi nzuri kama hiyo tena.

Pima urefu kutoka ndani ya kona ya spoki, pale inapokaa kwenye habu, hadi ncha ya uzi. Pima ya kulia na ya kushoto, ya ndani na ya nje ya ukuta wa habu, maana zinaweza kutofautiana kwa urefu na kwa pembe ya kona. Spoki iliyozidi urefu hutokeza juu ya nipeli na kutoboa tyubu. Iliyopungua hushikwa na nyuzi chache na kung'oka. Nunua spoki na nipeli za mtengenezaji mmoja katika seti moja, kwa sababu uzi wa mmoja hauoani kila mara na wa mwingine hata kama macho yanasema unaoana.

Na hapa ndipo chumvi inapoingia tena. Metali mbili tofauti zikigusana na kuloweshwa kwa maji ya chumvi hugeuka betri ndogo, na ile dhaifu huliwa. Spoki za chuma kisichoshika kutu zinafaa sana pwani, lakini zikifungwa kwa nipeli za alumini, nipeli huliwa na kuganda kwenye uzi, na siku unapotaka kukaza unavunja nipeli badala ya kuizungusha. Nipeli za alumini zina rangi nzuri za kuvutia, na ni nyepesi. Waachie wanaoshindana mbio na kubadilisha magurudumu kila msimu. Chukua nipeli za shaba nyeupe ya kupakwa nikeli, na upake grisi kwenye kila uzi na kwenye kikalio cha kila nipeli wakati wa kufunga, kwa kuwa chuma hicho kisichoshika kutu kina tabia ya kujing'ata kwenye uzi kikiwa kikavu.

Ipo pia hoja ya tairi lisilo na tyubu. BMW ilitoa R 100 GS mwaka 1987 ikiwa na spoki zilizoshikwa kwenye kingo za rimu badala ya katikati, ili hewa isipite kwenye matundu, na Honda iliipa Africa Twin Adventure Sports ya mwaka 2020 magurudumu ya spoki yasiyohitaji tyubu. Kama pikipiki yako ni ya namna hiyo, habu na rimu ni pacha, na usizichanganye na za aina nyingine. Kama si ya namna hiyo, watu watakushauri uzibe nipeli kwa utepe na gundi. Mimi nimebaki na tyubu. Huko Bamba au Ganze, kijana wa pancha anajua tyubu tangu utoto wake, na kiraka chake kitanifikisha Kilifi.

Kufunga kwenyewe mwachie fundi wa magurudumu, lakini simama ukitazama. Spoki zote zikishaingia, nipeli hukazwa kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kwa kuzunguka gurudumu zima badala ya kumaliza upande mmoja. Kwa pikipiki nyingi za Japani, kikomo cha kuyumba, kwa upande na kwa juu na chini, ni milimita 2. Fundi mzuri hukaribia nusu milimita. Nguvu ya kukaza hutajwa kwenye kitabu cha pikipiki, nayo ni ndogo, kwa kawaida kati ya mita-nyutoni 2 na 6, kiasi ambacho mkono wenye pupa hukipita upesi. Kisha agonge kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokazwa vyema hulia kwa sauti kali, na iliyolegea hutoa mlio mfu kama wa kugonga mti mbichi. Mzee wa Mwembe Tayari hufumba macho anapofanya hivi, na hukubali kuulizwa neno baada ya kumaliza duru nzima.

Ncha zinazotokeza zisagwe, utepe wa rimu uwe mpya, na kama rimu ina tundu la kishikio cha tairi (kibanio kinachozuia tairi kuteleza juu ya rimu) lisilotumika, lizibwe kwa mpira. Panda kilomita hamsini au mia moja za kawaida, mathalan hadi Mariakani na kurudi, kisha zigonge spoki tena, kwa kuwa seti mpya hujikalisha na kulegea katika siku zake za mwanzo. Zigonge tena baada ya safari ya kwanza ya changarawe. Ukirudi kutoka ufukweni au baada ya mvua, osha magurudumu kwa maji ya mfereji. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi yake, na kuyatumia ni kuirudishia rimu kile ulichotaka kuiondolea.