Kumpiga picha monali kwenye njia ya Tungnath

Tunayemfuata ni monali dume, ndege wa jamii ya kwale anayeishi misitu na malisho ya juu ya Himalaya. Njia ni ile ya mawe inayopanda kutoka Chopta (kama mita 2,700) hadi hekalu la Tungnath (kama mita 3,680), Uttarakhand, India. Nenda mwishoni mwa Aprili.

1. Usiku. Lala Chopta, betri ziwe nawe ndani ya blanketi. Baridi huzimaliza upesi. Saa kumi alfajiri uwe njiani na tochi.

2. Lenzi. Ya milimita 100-400 inatosha. Mizinga ya 600 waachie wenye wapagazi.

3. Kumpata. Tafuta udongo uliochimbuliwa karibuni: huchimba kwa mdomo akitafuta mizizi na wadudu. Ukimwona, kaa chini, aje mwenyewe. Ukimsogelea hurukia bondeni, na harudi upesi. Kumwita kwa sauti ya simu ni kumsumbua tu msimu wa kuzaliana.

4. Mwanga. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Ile shaba, kijani na buluu yake hutokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, si rangi tupu. Jua likiwa nyuma yake, utapata ndege mweusi. Liwe mgongoni kwako, kisha subiri ageuze shingo.

Halafu kamera yenyewe hudanganyika. Kwenye theluji hupunguza mwanga, ndege akawa bonge jeusi. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/-, kuanzia +1 hadi +1.7. Akiingia kwenye majani yenye kivuli, nyongeza hiyohiyo itauunguza ule weupe wa mgongoni anapofungua mabawa, na hutapata muda wa kuirudisha. Kwa hiyo tumia M (hali ya kupanga kasi na tundu la lenzi mwenyewe): anza na kasi ya 1/800, tundu f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 800 jua likishamfikia. ISO uifunge pia! Ukiiacha ijipange yenyewe, M haijakusaidia kitu, kamera bado inapima theluji. Jaribu kwanza kwenye nyasi zenye jua lilelile, angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini), rudia kila wingu linapopita. Piga RAW (faili ghafi la kamera). Akiruka, kasi iwe 1/2000.

5. Kurudi. Kabla ya kuingia kwenye kibanda cha chai chenye jiko, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukae saa moja au mbili hadi ipate joto. La sivyo lenzi itashika ukungu. Kadi itoe kabla ya kufunga mfuko, maana utataka kuziona picha.