Somo: Maswali ya afya ya kumuuliza mfugaji kabla hujalipia mtoto wa mbwa

Wengi tukifika kwa mfugaji tunauliza swali moja tu: "Huyu mzima?" Tunajibiwa "mzima kabisa", tunalipa, tunaondoka. Mimi nilinunua dume mmoja mchangamfu kwa mtindo huo. Siku ya nne akagoma kula, akaanza kutapika na kuharisha damu. Siku ya sita nikamzika. Ilikuwa parvo, na kwa kuwa virusi vyake hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya dalili kutoka, nina hakika alikuja navyo. Tangu hapo nauliza maswali ambayo jibu lake ni karatasi.

Hatua ya 1: Waulizie wazazi kwanza

Mtoto wa wiki nane hawezi kukuonyesha nyonga wala moyo wake utakavyokuwa. Uliza: "Baba na mama walipimwa nini, na majibu yako wapi?"

Vipimo hufuata aina ya mbwa. Kwa German Shepherd, Labrador na Rottweiler, omba majibu ya eksirei ya nyonga na viwiko. Ukiambiwa "mbona wanakimbia vizuri", hilo si jibu, maana mbwa mwenye nyonga legevu anaweza kukimbia miaka kadhaa kabla hajaanza kuchechemea. Angalia pia umri: OFA, shirika la Marekani linalokagua eksirei za nyonga za mbwa, halitoi daraja la kudumu la nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Jike aliyepandwa akiwa na mwaka mmoja hakuwa nalo.

Dobermann, ulizia misuli ya moyo na von Willebrand, ugonjwa wa damu kuchelewa kuganda. Cavalier King Charles, valvu za moyo. Pug na Bulldog, mwombe mfugaji amtembeze mama kidogo, kisha sikiliza anavyopumua. Akikoroma huku yuko macho, usikubali kuambiwa ndivyo aina yake ilivyo. Huyo anahangaika kupata hewa.

Dalmatian ni tofauti kidogo, kwa sababu mtoto mwenyewe hupimwa usikivu kwa kipimo cha BAER tangu akiwa na wiki tano au sita. Kiziwi wa sikio moja huwezi kumgundua kwa kupiga makofi.

Hatua ya 2: Kadi ya chanjo na dawa ya minyoo

Uliza tarehe, jina la chanjo na nani alichoma. Chanjo ya kwanza ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa) hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye itaisha wiki gani kwa mtoto gani.

Minyoo watoto huipata kwa mama, wengine wakiwa bado tumboni. Kwa hiyo dawa huanza wiki ya 2, na mama naye apewe.

Hatua ya 3: Uzao mzima

Walizaliwa wangapi? Wamebaki wangapi? Waliokufa, walikufa na nini? Halafu omba kuwaona wote pamoja na mama yao. Mmoja akiharisha, hesabu kwamba wote wameguswa.

Hatua ya 4: Mtoto mwenyewe

Macho yasiyo na tongo, masikio yasiyonuka, fizi za pinki, kitovu kisichotokeza uvimbe. Usimchukue kabla ya wiki nane.

Hatua ya 5: Iandikwe

Daktari wa mifugo amwone ndani ya siku mbili tatu, na akikutwa na tatizo mfugaji amchukue na kurudisha pesa. Anayekataa kuweka sahihi amekwisha kukujibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, muuzaji ananiambia mtoto ana wiki saba na chanjo zote kashamaliza.
Jibu: Haiwezekani. Hata ya kichaa cha mbwa kwa kawaida husubiri wiki ya 12. Ama umri si huo, ama kadi ni ya mbwa mwingine.

Swali: Kipimo cha DNA kinaonyesha baba ni mbebaji wa jeni la upofu. Nikimbie?
Jibu: Usikimbie bado, dada. Uliza majibu ya mama. Kama upofu huo unahitaji jeni mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na mama hana kabisa, hakuna mtoto atakayeugua. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kuugua. Hapo achana nao.

Swali: Wangu ni chotara, haya yananihusu?
Jibu: Hatua ya 2 hadi 5 zote. Na kama wazazi wote wawili ni wa aina zenye nyonga mbovu, uchotara haukuokoi.

Swali: Pole kwa msiba. Mimi pia nilipoteza mbwa kwa parvo mwezi uliopita. Naweza kuleta mwingine?
Jibu: Sakafu na vyombo osha kwa sabuni, kisha jiki iliyochanganywa na maji. Udongo ndio mgumu, virusi hukaa humo miezi mingi, hata mwaka. Mimi nilitafuta mbwa aliyekwisha kumaliza chanjo, ana miezi sita. Bado ninaye.