Paleti, kawa na kanga ya bibi: nilivyopamba sebule ya kupanga

Kioo changu cha kwanza kilianguka saa nane za usiku. Nilikitundika kwa msumari mmoja kwenye ukuta wa plasta yenye mchanga mwingi na saruji ya kuhesabu, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi baba mwenye nyumba hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza lile shimo litazibwa na nani.

Tangu siku hiyo, sebuleni kwangu hapa Makorora, Tanga, hakuna kinachopigiliwa ukutani. Vitu vinaegemea, au vinaning'inia kwenye ndoano ya chandarua waliyoiacha wapangaji waliotangulia. Na karibu vyote vimetokana na vitu ambavyo wenzangu walikuwa wanatupa. Hapa nakueleza vitatu: kioo cha fremu ya paleti, taa ya kawa, na kanga ya bibi.

Tuanze na paleti, maana ndiyo yenye kazi.

Paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, nilinunua kwa shilingi 4,000 kwa kijana mwenye mkokoteni. Kabla ya kutoa hela, igeuze utafute muhuri uliochomwa pembeni, wenye mchoro kama suke la ngano. Zikiwepo herufi HT, mbao hizo zilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa nusu saa ili kuua wadudu. Zikiwepo MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hiyo muachie mwenyewe hata akikupa bure. Isiyo na muhuri wowote huenda iligongwa hapa hapa nchini kwa mbao zisizotibiwa, nayo siyo mbaya kwa hilo tu. Inuse. Ikinuka dawa ya shamba au dizeli, au ina madoa ya mafuta, endelea na safari. Tazama pia vitundu: ukigonga pakadondoka unga mweupe, bungua bado wamo ndani wanakula, na watahamia kwenye kabati lako.

Sasa kuibomoa. Usifanye nilivyofanya mie, kuingiza mtaimbo chini ya ubao na kuunyanyua kwa hasira. Misumari ya paleti imesokotwa kama skrubu, haitoki. Kinachopasuka ni ubao, tena kwenye ncha. Katika mbao kumi na moja nilizobomoa hivyo, nzima zilibaki nne. Njia nzuri ni kupenyeza blade ya msumeno wa chuma katikati ya ubao na gogo lake, ukate msumari wenyewe. Kichwa cha msumari kibaki humo kwenye ubao. Kile kiduara cheusi chenye kutu ndicho watu watakachokiuliza wakija kwako.

Mbao zisugue kwa brashi na maji ya sabuni, halafu zipange kivulini, kila moja itenganishwe na mwenziwe kwa vijiti ili hewa ipite. Jua la Tanga likizipiga moja kwa moja zinajikunja kama samaki wa kukaanga. Siku nne au tano zinatosha kiangazi. Wakati wa masika ongeza wiki.

Kabla ya kupiga msasa, pitisha sumaku juu ya kila ubao. Yangu niliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Kipande cha msumari kilichojificha kinachana msasa, na ukitumia randa kinaling'oa jino la chuma chake. Kwa kweli randa siipendi kwa kazi hii, kwa sababu inatoa ubao mpya, na ubao mpya si tungeununua tu? Piga msasa namba 80 uondoe vibanzi, kisha 120, umalizie na 220. Acha alama za misumeno na maandishi yaliyofifia. Vaa barakoa. Na kama mbao zako ni za mlango wa zamani wenye rangi, usiikwangue hiyo rangi ndani ya nyumba wala karibu na watoto: rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi.

Vipimo vyangu ni hivi. Kioo kilikatwa dukani, sentimita 40 kwa 60. Mbao zangu zina upana wa sentimita 9. Kata mbili za kusimama zenye sentimita 76, na mbili za kulala zenye sentimita 38. Zile za kulala zikae katikati ya zile za kusimama, juu na chini. Hapo utabaki na dirisha la 38 kwa 58, yaani fremu inakilalia kioo sentimita moja kila upande. Wala usihangaike na kona za kukata mshazari. Mbao za paleti hazina unyoofu huo, utaona mwanya kila kona na roho itakuuma.

Laza fremu kifudifudi. Kila kona pakia gundi ya mbao, kisha bandika kipande cha plaiwudi cha 16 kwa 7, kikishika ubao wa kusimama na wa kulala kwa pamoja. Kisogeze kabisa ukingo wa nje ili kisigombane na kioo. Skrubu nne kwa kila kipande, mbili huku na mbili kule, na utoboe tundu kwanza kwa drili, la sivyo ubao utapasuka.

Kioo kishikwe na nini? Mara ya kwanza nilitumia silikoni, ile yenye harufu ya siki. Baada ya miezi michache madoa meusi yakaanza kutambaa kutoka pembeni: asidi yake ilikuwa inakula mgongo wa kioo. Sasa nalaza kioo, naweka juu yake kadibodi nene, halafu nafunga vijiti vinane vifupi vya mbao kuzunguka, kila kimoja na skrubu moja, vinavyozunguka kama kitasa cha banda la kuku. Kioo kikivunjika, unavigeuza na kuweka kingine. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, mikono miwili.

Chini ya fremu gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Kwangu inakaa juu ya kabati, kitako kikiwa mbele ya ukuta kwa upana wa vidole vinne, na juu nimeifunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa nyuma wa kabati. Kama una watoto, kamba hiyo si pambo.

Nina ubao mmoja pia wa mashua, niliopewa kule Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga, na mzee aliyekuwa anavunja chombo chake. Mzuri ajabu, ila chumvi! Niliupaka vanishi baada ya kuukausha tu, na kila mvua inyeshapo ulikuwa unatoa jasho na kuota weupe. Ilibidi niikwangue vanishi yote, niuloweke kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi na kubadilisha maji kwa wiki mbili. Sasa ni rafu ya vitabu, juu ya matofali.

Taa ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo inayosifiwa zaidi. Kawa lile la kufunikia chakula, la ukindu, likizeeka ukingo hufumuka na mama mtu huliweka nyuma ya mlango. Mie nililipata kwa jirani, mama wa Kipemba, ambaye alicheka sana nilipomwambia nataka kuliwashia umeme. "Mwanangu, utakula gizani, inzi watakufaidi," akanambia.

Kawa tayari lina umbo la kivuli cha taa, limefumwa na watu waliojua kazi. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, lisiloweke. Ukingo uliofumuka uzungushie ukili mpya, au utepe wa kitambaa. Kileleni kata tundu linaloingia holda ya taa, kisha pembeni yake toboa matundu mengine matatu ya ukubwa wa kidole ili joto lipande na kutoka. Hili usiliruke: ukindu mkavu unashika moto upesi. Tumia taa ya LED ya wati 5 mpaka 7, kamwe si glopu ya zamani, na hakikisha taa yenyewe iko mbali na kuta za kawa kwa kiganja kizima. Waya nilivutiwa na fundi umeme kwa shilingi 8,000, na kawa linaning'inia kwa kamba yake kwenye ile ndoano ya chandarua. Uzito usibebwe na waya. Ukiwasha jioni, mistari ya ukili inatandaa ukutani kote.

Kanga ya bibi nayo ilikuwa imechakaa mji, yaani ile sehemu ya katikati, kumebaki wavu. Pindo la chini na jina vilikuwa bado vizima: WEMA HAUOZI. Sikuikata. Niliifua kwa maji baridi, nikaianika kivulini, nikaipiga pasi, kisha nikaikunja hadi likabaki lile jina na pindo lake tu. Fremu ya nyuma ni vipapi vinne vya mabaki ya paleti. Kuivuta kuna utaratibu: piga pini moja katikati ya upande wa juu, ya pili katikati ya upande wa chini, kisha kushoto, kisha kulia, ndipo usogee kuelekea kona kidogo kidogo, ukibadilisha pande. Ukianza na kona moja ukaenda mbele, maandishi yatapanda mlima. Tumia pini za fundi viatu, fupi, usizizamishe sana. Siku moja mwanangu anaweza kuitaka ile kanga.

Mwanzoni niliiegemeza mkabala na dirisha. Miezi miwili, nyekundu ikaanza kuwa ya waridi. Sasa ipo juu ya ile rafu ya mashua, upande wa giza, na usiku inapata mwanga wa kawa.