Kuchagua matairi makubwa zaidi kwa pikapu ya njia mbaya: pima kabla ya kulipa

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Arusha alikuwa tayari kulipia matairi manne ya kipimo cha 285/70R17 kwa ajili ya Hilux yake, ambayo huitumia kupeleka mabomba na pampu za maji katika vijiji vya upande wa Engaruka na Ngare Sero. Nilimwomba asubiri siku moja, tukaipima Hilux hiyo uani kwangu, na kesho yake akanunua kipimo kingine. Ninayaandika hapa tuliyoyafanya kwa sababu kosa alilokuwa akilielekea niliwahi kulifanya mimi mwenyewe, tena mbali na fundi yeyote. Hesabu zote ni za Hilux iliyotoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Mwenye Land Cruiser ya 7.50R16 atafuata njia ileile kwa namba zake.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Tairi kubwa linanyanyua difu ya nyuma (lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli), na kwa pikapu ya kawaida hakuna kitu kingine kinachoweza kuinyanyua. Springi ndefu hunyanyua bodi na chesisi, lakini difu hubaki pale pale juu ya jiwe. Ikiwa shida yako ni difu kugonga katikati ya njia iliyochimbwa na malori, endelea kusoma. Ikiwa shida yako ni gari kuinama nyuma linapopakiwa, tengeneza springi na uyaache matairi kama yalivyo.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya kipenyo

Katika 265/65R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya tatu ni rimu kwa inchi. Ubavu ni 265 mara 0.65, yaani milimita 172 na kidogo. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu (17 mara 25.4), utapata kipenyo cha milimita 776. Kwa hesabu hiyohiyo, 265/70R17 lina milimita 803 na 285/70R17 lina 831.

Kimo unachopata chini ya difu ni nusu tu ya tofauti: milimita 13 kwa lile la kwanza na 27 kwa la pili. Spidomita nayo itakudanganya, kwa sababu ikisoma 50 utakuwa unakwenda karibu 52 kwa tairi la 265/70 na zaidi ya 53 kwa 285/70, na askari mwenye tochi hapimi spidomita yako. Kilomita za kubadilishia oili pia zitasomeka pungufu kwa kiwango hichohicho.

Jambo zito zaidi ni gia. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 7, ni kama umeongezewa ukubwa wa kila gia kwa asilimia 7, na mwenye kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu akiwa na mzigo ataisikia klachi ikilia. Kwa pikapu ya kazi ambayo meno ya difu hayajabadilishwa, mimi sivuki asilimia 3.5, na 265/70R17 inaangukia ndani ya mpaka huo.

Hatua ya 3: Pima nafasi ya gurudumu, gari likiwa na mzigo na likiwa limejipinda

Hapa ndipo nilipopotezea siku yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifungiwa matairi ya 285/70R17 kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Fundi alikata usukani kulia hadi mwisho, akaukata kushoto hadi mwisho, hakuna kilichogusa, nikalipa. Wiki hiyohiyo, katika korongo moja baada ya Engaruka, nilikuwa nikirudi nyuma usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, gurudumu la mbele kushoto likiwa limesukumwa juu na ukingo wa korongo, tairi likaikamata plastiki ya kinga iliyo ndani ya madigadi, likaing'oa, kisha likaanza kujikata kwenye mshono wa bati ulio nyuma ya gurudumu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana nilikuwa nikikata plastiki kwa kisu na kuulaza ule mshono kwa kuugonga na spana ya magurudumu. Bega la tairi jipya lilibaki na mchaniko wa urefu wa kidole. Tangu siku hiyo siamini kipimo chochote kilichochukuliwa gari likiwa tupu na likiwa limesimama sawasawa.

Unahitaji magogo mawili imara au kingo za udongo zenye kimo cha sentimita 25 hivi, bonge la udongo wa mfinyanzi, kisu, rula na mawe ya kuzuia magurudumu. Udongo wa mfinyanzi ni bora kuliko macho ya fundi yeyote, kwa sababu unabaki na alama ya kilichotokea wakati hakuna mtu aliyekuwa akitazama.

Kwanza, pakia mzigo wako wa kawaida, si nusu yake. Kisha kagua bushi za mikono ya chini, yaani raba za viungo vya mikono inayolishika gurudumu la mbele. Mtu aendeshe polepole kinyumenyume na kukanyaga breki, nawe ukiwa umesimama pembeni kwa umbali salama utazame gurudumu la mbele. Ukiliona linasogea mbele na nyuma ndani ya madigadi, bushi zimekwisha, na hakuna kipimo utakachochukua kitakachokuwa cha kweli mpaka zibadilishwe. Bushi zilizochoka zilikuwa sehemu ya tatizo langu pale korongoni, nami sikulijua hilo mpaka gari liliporudi mjini.

Pili, injini ikiwa imezimwa, bandika mabonge ya mfinyanzi yenye unene wa kutosha kuligusa tairi mahali panne: kona ya bampa kwa mbele, mshono wa bati na kishikio cha bodi kwa nyuma, mkono wa juu kwa ndani, na plastiki iliyo juu ya tairi. Fanya hivyo kushoto na kulia, kwa kuwa gari lililotumika sana huwa na tofauti ya milimita kadhaa kati ya pande hizo mbili.

Tatu, panda gogo moja kwa gurudumu la mbele kushoto na la pili kwa gurudumu la nyuma kulia, ili gari lijipinde kama linavyojipinda korongoni. Zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara moja tu, kisha shuka. Rudia kwa upande wa pili. Mtu yeyote asiweke mkono ndani ya madigadi wakati kuna mtu kwenye usukani, na asiwepo mtu chini ya gari likiwa juu ya magogo.

Sasa zima injini, zuia magurudumu, kata kila bonge katikati kwa kisu na upime unene uliobaki. Kwa jirani yangu, penye nafasi ndogo kuliko kote palikuwa nyuma ya gurudumu la kushoto, ambapo mfinyanzi ulibaki na milimita 38. Usiichukue namba hiyo kama ilivyo. Matairi yake ya zamani yalikuwa yamelika milimita 6 za kashata (yale meno ya raba yanayokanyaga ardhi), na tairi jipya litazirudisha, kwa hiyo nafasi ya kweli ilikuwa 32. Ukitoa 13 za tairi la 265/70, zinabaki 19. Ukitoa 27 za tairi la 285/70, zinabaki 5, na hapo hatujahesabu milimita 10 za upana zinazoongezeka kila upande. Mimi hutaka zibaki angalau 15, kwa sababu tope lililokauka na kokoto zilizonasa kwenye kashata nazo zinadai nafasi yao.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyaleta wakifika hapa. La kwanza ni kunyanyua gari kwa springi ndefu. Springi hiyo hunyanyua gari likiwa limesimama, lakini gurudumu likisukumwa juu kabisa litafika palepale lilipokuwa likifika zamani, isipokuwa kama raba ya kuzuia mwendo wake imeongezwa urefu, kwa hiyo kinachogusa kitaendelea kugusa. La pili ni rimu zinazolitoa gurudumu nje au vipande vya chuma vya kulisogeza nje. Ni kweli nafasi ya ndani huongezeka, lakini tairi linapogeuzwa huchora duara kubwa zaidi na kuifikia kona ya bampa na ule mshono wa nyuma mapema zaidi, na beringi hubeba mzigo kutoka mbali kuliko zilivyokusudiwa. Kwa gari la kazi ninapinga njia hiyo kabisa.

Kumbuka pia kwamba matairi mawili ya kampuni tofauti yenye namba ileile hayalingani. Yenye mabega makubwa ya kashata huchukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo muulize muuzaji upana na kipenyo halisi kilichoandikwa na mtengenezaji, au upime mwenyewe lililofungwa kwenye rimu na kujazwa upepo.

Hatua ya 4: Chagua kashata

Chukua A/T, yaani tairi la njia za kila aina. Matairi ya M/T, yaani ya tope, yanamfaa anayeshinda kwenye udongo mweusi wa mbuga msimu mzima wa masika. Wengine wote watavumilia kelele zake na utelezi wake kwenye lami yenye maji bila faida. Kati ya tairi pana na tairi jembamba lenye kipenyo kilekile, nachagua jembamba, kwa kuwa hupasua tope la juu na kuifikia ardhi ngumu.

Hatua ya 5: Soma uwezo wa mzigo na tarehe

Namba 112 ubavuni maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120; namba 121 ni kilo 1,450. Usinunue namba iliyo chini ya ile iliyokuja na gari, hata ukipunguziwa bei. Tarehe iko kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Matairi ya mtumba siyanunui kwa gari linalobeba mzigo.

Hatua ya 6: Nunua matano

Spea ndogo inapofungwa na ukaingiza gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka kuzunguka kwa kasi tofauti, na mvutano huo huishia kwenye gia. Hakikisha tairi la tano linaenea mahali pa spea chini ya gari, bila kugusa ekzosi, kabla hujaondoka dukani.

Hatua ya 7: Kufunga na kujaza upepo

Balansi na alaimenti zifanyike siku hiyohiyo. Tairi lenye ubavu mgumu huhitaji upepo zaidi ya ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Anza na kipimo cha kibandiko ukiongeza psi 4, chora mstari wa chaki kukatiza kashata, endesha mita 100 kwenye lami. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Jirani yangu alitua kwenye psi 38 nyuma akiwa na mzigo. Kwenye mchanga wa Ngare Sero hushusha hadi 20, huendesha polepole, na hubeba pampu ndogo ya umeme wa gari ya kurudishia upepo kabla ya kuingia njia ngumu. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 za kwanza, na hapohapo uchungulie kama tairi limegusa mabonge mapya ya mfinyanzi, ambayo utakuwa umeyabandika nyuma ya magurudumu ya mbele siku ya kufunga.