Pampu ya dizeli au ya sola? Namna ya kulinganisha miradi kwa hesabu za uchumi wa kihandisi

Kamati ya maji inapoletewa ofa mbili za pampu, jicho hukimbilia jumla iliyoandikwa chini ya kila ofa, na ile yenye jumla ndogo huanza kupendwa kabla hata haijasomwa. Bei ya kununua mtambo ni malipo ya siku moja, ilhali mtambo wenyewe utaendelea kudai fedha kwa miaka kumi au zaidi. Uchumi wa kihandisi unatupa njia ya kuyaleta malipo yote, ya leo na ya baadaye, kwenye siku moja ili yalinganishwe kwa haki. Nitaieleza njia hiyo kwa kisima cha kijiji kinachotakiwa kutoa mita za ujazo 30 za maji kwa siku. Bei zote humu ni za mfano, na anayefuata hatua hizi aweke za kwake.

Kabla ya kugusa kikokotoo, hakikisha kwamba njia unazozilinganisha zinatoa huduma ile ile. Pampu ya dizeli inaweza kuwashwa saa yoyote, lakini ya sola hupunguza maji siku za mawingu mazito. Kwa hiyo tangi kubwa la kuhifadhi maji lazima lihesabiwe ndani ya gharama za sola, la sivyo unalinganisha vitu viwili visivyolingana. Orodhesha pia njia ya tatu ambayo husahaulika, yaani kubaki kama mlivyo, kwa kuwa nayo ina gharama zake: maji ya kununua kwa wachuuzi na saa ambazo kina mama na watoto wanazimalizia njiani.

Hatua inayofuata ni kuchagua kipindi cha hesabu, ambacho lazima kiwe kimoja kwa njia zote. Paneli za sola hudumu miaka 20 na zaidi, injini ndogo ya dizeli haifiki huko. Tukichukua miaka 10 kwa zote mbili, basi mwishoni tunaipa kila moja thamani ya mabaki, ambayo ni kiasi ambacho vifaa vitakuwa bado vina thamani yake siku hiyo. Kisha andika kila shilingi itakayoingia au kutoka na mwaka wake. Fedha iliyokwisha kutumika kuchimba kisima usiiandike, kwa sababu hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha. Mshahara wa mwendesha pampu nao unaweza kuuacha ikiwa ni ule ule kwa njia zote mbili. Uchakavu wa kwenye vitabu vya uhasibu pia usiuingize, maana si fedha inayotoka mfukoni, na bei ya kununua umekwisha kuihesabu.

Gharama ya mafuta ndiyo itakayoamua mengi, kwa hiyo isitoke kichwani mwa mtu. Itoe kwenye stakabadhi za kituo cha mafuta na daftari la saa za kuendesha injini, au kwenye daftari la kijiji jirani chenye kisima cha kina kinachokaribiana na chenu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika hesabu hizi makadirio yasiyo na daftari huharibu hata kanuni iliyo sahihi.

Sasa tuchukue mfano wetu. Mtambo wa dizeli unagharimu shilingi milioni 12 hadi kufungwa. Mafuta ni milioni 3 kwa mwaka. Oili, vichujio na fundi ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Mwaka wa tano injini inafunguliwa na kukarabatiwa kwa milioni 2.5; mabaki yake mwaka wa kumi ni milioni 1. Mtambo wa sola pamoja na tangi la ziada unagharimu milioni 32. Usafi na matengenezo ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Mwaka wa tano kidhibiti, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaokwenda kwenye pampu, kinabadilishwa kwa milioni 3. Mabaki, hasa ya paneli, ni milioni 6.

Malipo ya baadaye hayawezi kujumlishwa na ya leo jinsi yalivyo, kwa kuwa shilingi iliyoko mkononi leo inaweza kuzalisha, na aliyekopa anailipia riba. Kila kiasi cha baadaye hugawanywa kwa moja jumlisha kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya mwaka inayowakilisha gharama ya fedha zenu, na hugawanywa hivyo mara nyingi kadiri ya idadi ya miaka. Kwa kiwango cha asilimia 10, shilingi milioni 1 ya mwakani ni sawa na shilingi 909,091 leo, na ile ya miaka kumi ijayo ni sawa na takriban 385,500. Kwa malipo yanayojirudia kila mwaka kuna njia ya mkato: kwa miaka 10 na asilimia 10, zidisha malipo ya mwaka mmoja kwa 6.1446.

Dizeli basi ni milioni 12, kujumlisha milioni 23.35 za uendeshaji, kujumlisha milioni 1.55 za ukarabati, kutoa milioni 0.39 za mabaki: takriban milioni 36.5. Sola ni milioni 32, kujumlisha 2.46, kujumlisha 1.86, kutoa 2.31: takriban milioni 34.0. Mtambo ulioonekana ghali karibu mara tatu ndio nafuu, kwa tofauti ya milioni 2.5 za leo. Anayetumia Excel aangalie jambo moja: fomula ya NPV, inayoleta malipo ya baadaye kwenye thamani ya leo, huchukulia kwamba kiasi cha kwanza kinalipwa mwisho wa mwaka wa kwanza, hivyo bei ya kununua iwekwe nje ya fomula na kujumlishwa pembeni.

Wanakamati wengi huelewa upesi zaidi hesabu ikigeuzwa kuwa gharama ya mwaka. Zidisha jumla ya kila njia kwa 0.16275, yaani moja gawanya kwa ile 6.1446, nayo inakuwa takriban milioni 5.94 kwa dizeli na 5.53 kwa sola. Gawa kwa mita za ujazo 10,950 za mwaka mzima, kisha kwa madumu 50 ya lita 20 yaliyomo katika kila mita ya ujazo. Kusukuma dumu moja kwa dizeli kunagharimu karibu shilingi 10.9, na kwa sola 10.1, kabla ya mshahara na mabomba. Lugha hiyo ya dumu ndiyo inayofaa kupelekwa kwenye mkutano wa kijiji.

Kiwango cha punguzo kinahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kinaweza kugeuza jibu. Ukirudia hesabu ile ile kwa asilimia 15, dizeli inashuka hadi takriban milioni 32.1 na sola inabaki karibu milioni 34.0, kwa hiyo dizeli inashinda. Kiwango kikubwa hudogosha gharama za baadaye, na mtambo wenye gharama nyingi za baadaye ndio unaonufaika. Mahali pa kugeukia panapatikana kwa kuiangalia milioni 20 ya ziada inayodaiwa na sola kama uwekezaji unaojitegemea: inaokoa milioni 3.4 kila mwaka, inadai laki 5 zaidi mwaka wa tano, na inaacha milioni 5 zaidi za mabaki. Faida yake ni karibu asilimia 12.6 kwa mwaka. Gharama ya fedha zenu ikiwa chini ya hapo, chagueni sola. Ikiwa juu, dizeli.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anasikia kwamba benki inakopesha kwa asilimia 15, anaitumia moja kwa moja, na sola inaanguka. Lakini tumeandika mafuta kuwa milioni 3 kila mwaka hadi wa kumi, yaani kwa bei za leo bila mfumuko, ilhali riba ya benki imebeba mfumuko wa bei ndani yake. Mfumuko ukiwa asilimia 5, riba halisi ni 1.15 gawanya kwa 1.05, kutoa 1, yaani takriban asilimia 9.5, na sola inashinda tena. Ama upandishe bei zote mwaka hadi mwaka na kutumia riba ya benki, ama uziache bei za leo na kutumia riba halisi. Kuchanganya hizo mbili ni kosa ambalo kamati haiwezi kuliona kwa macho, na kwa maoni yangu ndilo jambo la kwanza kukagua katika andiko lolote la mradi.

Halafu tikisa makadirio yako. Hata kwa asilimia 15, mafuta yakipanda kwa karibu asilimia 13 tangu mwanzo, njia hizo mbili zinalingana. Jaribu pia mabaki madogo zaidi, au kidhibiti kinachoharibika mwaka wa tatu. Muda wa kurudisha mtaji, yaani miaka ambayo akiba ya kila mwaka inahitaji ili kuifidia ile milioni 20 ya ziada, na ambao hapa ni karibu miaka 6, utajwe kama taarifa ya nyongeza tu, maana hauoni kinachotokea baada ya mwaka huo.

Jambo la mwisho ni nani atalipa na lini. Tangu RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ianze kazi mwaka 2019, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndivyo vinavyoendesha miradi mingi ya vijijini Tanzania Bara kwa fedha zinazotokana na mauzo ya maji. Sola inashinda kwenye karatasi kwa sharti kwamba zile milioni 3 za kidhibiti zitakuwepo mwaka wa tano. Ni shilingi 50,000 kwa mwezi kwa miezi 60. Ziingizwe kwenye bei ya dumu tangu mwezi wa kwanza, ziwekwe katika akaunti tofauti na ile ya matumizi ya kila siku, na kila mwaka kiasi hicho kipitiwe upya kwa kuuliza bei ya kidhibiti dukani.