Kufuatisha maneno: tazama mkono, karatasi baadaye

Mzazi akija kuniuliza mwandiko wa mwanawe wa PP1, mwaka wa kwanza wa shule ya awali, huwa ameshika karatasi. Maneno yamefuatishwa vizuri, yaani penseli imepita juu ya herufi za mfano, mstari haukutoka nje, na bado mimi sijaridhika. Karatasi haisemi mkono ulipita wapi. Mtoto anaweza kuanza "a" kwa chini, mkia kwanza tumbo baadaye, na karatasi ikapendeza vilevile. Mimi asubuhi hufundisha nasari hapa Langoni, Lamu, jioni nashona kofia. Riziki yangu yote iko vidoleni. Kwa hivyo mtoto akiandika, mimi hukaa ubavuni mwake nikautazama mkono.

Penseli haina haraka. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8 midogo, na mtoto huzaliwa yote ikiwa bado gegedu. Hukomaa mmoja mmoja kwa miaka, na mwanafunzi wa PP1 hajamaliza. Akichoka baada ya mstari mmoja, usimwite mvivu. Kipimo changu ni maumbo: kwa kawaida mtoto wa miaka 3 hivi huweza kuiga duara, wa miaka 4 alama ya kujumlisha, wa miaka 5 mraba. Ambaye duara na kujumlisha bado vinamshinda simpi neno. Namrudisha kwa mamake na kazi: atunge asmini kwa uzi, achambue mchele, akande donge la mahamri, aanike soksi zake mwenyewe kwa vibanio. Binti anayekaa na nyanyake akijaribu kusuka ukili huja darasani vidole vimeshapata nguvu. Wavulana nao wasiachwe kucheza tu. Kofia hapa kwetu hata wanaume hushona.

Kisha kidole, bila kalamu. Mimina mchanga mkavu kwenye sinia, ufunike chini tu, ili kidole kikipita rangi ya sinia ionekane. Mchanga wa Shela, kijiji jirani, ni laini na unafaa sana, lakini kikombe kimoja kinatosha: ile milima ya mchanga ndiyo inayotuhifadhia maji ya kunywa. Unga wa ngano pia hufaa, kama huna wivu na unga wako. Maji yakipwa, kijiti na mchanga mbichi wa ufuoni vinazidi sinia, kwa sababu mtoto anaandika kwa bega zima na herufi yake inakuwa kubwa kama yeye.

Herufi za msasa nazipenda zaidi. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, alikuwa akiwapapasisha watoto herufi za namna hiyo. Huku kwetu mafundi seremala hawakosi msasa. Omba vipande vilivyokwisha kutumika, maana vipya vinakwaruza kidole. Kata herufi ya ukubwa wa kiganja, ibandike juu ya kipande cha plaiwudi, halafu tia tone la rangi nyekundu pale herufi inapoanzia.

Tone hilo ndilo ninalogombania na kila mtu. Watoto wetu wana maandishi mawili: nasari wanaanza kushoto kwenda kulia, chuoni, yaani madrasa, wanaanza kulia kwenda kushoto. Hawachanganyikiwi kama watu wanavyodhani, lakini wapya huanzia popote kalamu ilipoangukia. Basi kila neno liwe na tone jekundu mwanzoni na mshale mdogo chini yake. Mwambie, "Weka kidole kwenye nyekundu," kabla hajagusa penseli.

Sasa maneno yenyewe. Usifuate mpangilio wa alfabeti. Herufi a, d, g na o huanza kwa mwendo mmoja, duara linalozunguka kuelekea kushoto, kwa hivyo anza na "oga", "dada", "dagaa". Mkono unarudia kitu kimoja mpaka unakizoea. Zikija za mistari iliyosimama, "tia" na "lia". Zikija za mgongo, "mimi", "nini", "hina". Za kona na za nyoka, k, s na z, zisubiri, hata kama zimo katika jina la mtoto. Jina aandike, ndiyo, ila umshike mkono kidogo.

Andika kwa mkono wako, herufi za sentimita 3 hivi, kwa mstari hafifu wa penseli usiokatika. Karatasi za nukta nukta zinazochapishwa saiba sizipendi: mtoto anarukaruka kutoka nukta hadi nukta na mstari wote unatetemeka. Ukichapisha, hakikisha "a" ni ile ya mwandiko, isiwe ile ya vitabuni yenye kikono juu. Wengine hutia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki na kutumia maka peni ili wafute na kurudia. Karatasi unaokoa, lakini maka peni inateleza na mkono haupati ukinzani wowote. Chaki kwenye ubao ni bora, tena ubao uliosimama ukutani usawa wa macho.

Chaki iwe kipande kifupi. Kikiwa kirefu mtoto hukikamata kwa ngumi; kikiwa kifupi hana budi kukishika kwa gumba na vidole viwili.

Anayetumia mkono wa kushoto mwache. Adabu ya kula na kupeana mikono mfundishe kwa wa kulia, lakini kalamu usimnyang'anye. Karatasi yake iinamishe upande wa kulia, ashike penseli juu kidogo, na neno la mfano uliandike upande wa kulia pia, kwa sababu mkono wake unaliziba la kushoto.

Dakika 5 hadi 10 kwa siku zinatosha. Ukucha wa gumba ukigeuka mweupe au bega likipanda kuelekea sikioni, funga daftari.

Na kufuatisha kuwe na kikomo. Watafiti Karin James na Laura Engelhardt wa Marekani walichapisha mwaka 2012 kwamba kwa watoto ambao bado hawajui kusoma, sehemu za ubongo zinazohusika na kusoma ziliamka pale walipotazama herufi walizojiandikia wenyewe, si vivyo hivyo kwa walizofuatisha au walizozichapa kwa kibodi. Kwa hivyo ukurasa wangu una mistari mitatu ya neno moja: wa kwanza neno zima la kijivu, wa pili matone mekundu peke yake, wa tatu mtupu. Mstari wa tatu ukienda kombo, usimfutie kwa raba. Mrudishe wa pili, umsikilize akitaja njia kwa sauti: "nazunguka, napanda, nashuka." Akikwama katikati ya maelezo, hapo ndipo mkono ulipopotea; herufi hiyo irudi kwenye msasa kesho yake.